Granola ya Mama Mkwe

Kwa waliokuwa wakipalilia wiki iliyopita wakakosa gazeti, na kwa waliolipata likiwa tayari limefungia maandazi, hali ya Recho ilikuwa hivi.

Kuku wake thelathini na wawili walikufa kwa kideri, siku mbili baada ya yeye kumweleza jirani kwamba kuku wa mtu msafi hawaugui. Kisha akavuliwa uongozi wa kwaya kwa ajili ya kitambaa cha sare, alichokichagua peke yake bila kumshirikisha mtu, na ambacho kilichuja rangi kwenye mvua ya kwanza kikawaacha waimbaji kumi na wanane na shingo za zambarau. Alipokuwa bado anajifariji kwamba balaa limekwisha, mumewe William alirudi kutoka Mwanza na vitu vitatu: begi, mama yake mzazi, na barua ya daktari.

Barua haikuwa ndefu. Ilisema ugonjwa uliokuwa ukimkausha Kwandu, mama mkwe, kwa miaka miwili, ambao watu wa kijijini kwao Kaniha walikuwa wameshauita minyoo, vidonda vya tumbo na mkono wa mtu, haukuwa lolote kati ya hayo. Utumbo wake ulikuwa hauelewani na ngano. Chapati, mkate, maandazi, biskuti, vyote vilikuwa sumu kwake maisha yake yote. Na kwa kuwa utumbo ulikuwa umechubuka sana, nafaka nyingine nazo zikae kando kwa miezi sita: mahindi, mtama, uwele, ulezi, mchele.

William aliisoma kwa sauti mara mbili. Mara ya pili aliisoma polepole, kama mtu anayetarajia mahindi yajitoe yenyewe kwenye orodha.

Familia hii, tafadhali, inaendesha mashine ya kusaga. Kwandu na marehemu mumewe walihama Shinyanga na ng'ombe kumi na mmoja, wakaja Biharamulo kutafuta malisho, wakauza sita wakanunua mashine. Robo karne mama huyu amekaa mlangoni mwake akipokea madebe ya watu. Amelea watoto kwa unga, kope zake ni nyeupe kwa unga, na sasa anaambiwa akae mbali na unga.

Aliisikiliza barua mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: huyo daktari anataka ale nini, mawe?

Swali lilikuwa la chumba kizima. Recho ndiye aliyelijibu, maana Recho hajawahi kuona swali akaliacha lipite. Alisema mama asiwe na wasiwasi, chakula chake atakisimamia yeye mwenyewe.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa viazi. Viazi asubuhi, mihogo mchana, viazi jioni. Kwandu alikula bila kulalamika, kwa ile namna ya kutolalamika inayosikika mpaka ua wa pili. Alikuwa akisukuma sahani pembeni taratibu, anashukuru, kisha anamwuliza William kama bado anakumbuka ladha ya ugali wa mtama wa utotoni.

Hapo ndipo simu ilipoingia kati.

Kwenye simu ya Recho, katika video, alitokea dada mmoja mwenye jiko jeupe na oveni yenye taa ndani. Alikuwa anatengeneza granola, yaani mchanganyiko wa kuokwa unaoliwa asubuhi kwa maziwa. Watu wengine huitengeneza kwa shayiri, alisema, lakini yake haina nafaka hata punje moja. Akamimina lozi, korosho, vipande vya nazi, mbegu ambazo Recho hakuwahi kuziona, na utamu unaokamuliwa kwenye mti wa nchi za baridi. Akatabasamu, akasema ni rahisi sana, na kwamba vitu hivi kila mtu anavyo kabatini.

Recho alifungua kabati lake. Lilikuwa na chumvi, kiberiti, na cheti cha ubatizo cha William.

Lakini tumpe haki yake. Mwanamke huyu akiamua jambo, huliamua. Pa lozi aliweka karanga. Pa mbegu za kigeni aliweka ufuta na mbegu za maboga, alizozimenya moja moja mpaka kucha zikafa ganzi. Pa nazi aliweka michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani ambavyo nyumba ya Kisukuma haikosi, akavitwanga vikawa kama changarawe. Utamu ukawa asali ya nyuki wa msituni. Oveni ikawa sufuria kubwa yenye mchanga, sufuria ndogo ndani yake, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko.

Granola ya kwanza ilitoka nyeusi. Ya pili iliganda kwenye sufuria, William akaibandua kwa tindo. Ya tatu ilitoka na rangi ya udongo wa kichuguu, inanukia, na ukiitafuna inalia.

Kwandu aliletewa kwenye bakuli juu ya maziwa mgando. Alikula kijiko cha kwanza, akala cha pili. Alipofika chini ya bakuli akauliza kinaitwaje. Akaambiwa.

"Gulanola," alisema. "Karanga hizi, zimebadilishiwa jina tu."

Akaomba nyingine.

Mwezi ukapita, kisha wa pili. Tumbo lilitulia. Mashavu yalirudi, khanga ikaanza kukaa kiunoni bila kushikiliwa, na asubuhi moja mama mkwe alikwenda mwenyewe mpaka mlangoni mwa mashine, akasimama upande upepo unakotoka, akawagombeza wateja kama zamani. William alitokwa na machozi. Recho alitokwa na maneno.

Alieleza kanisani, kisimani na kwenye foleni ya mashine jinsi alivyomponya mtu aliyeshindikana. Alianza kusema "wagonjwa wangu", ingawa alikuwa naye mmoja. Shemeji yake Gidioni, mdogo wake William, alikosea akauliza kama ufuta nao si nafaka. Alifundishwa tofauti ya nafaka na mbegu kwa muda wa nusu saa, akiwa amesimama, na jembe begani.

Gidioni alikuwa na mke, Jovitha, Mhangaza kutoka Ngara. Waliishi ua wa pili. Jovitha alikuwa mtu wa maneno machache, na alikuwa na kosa moja ambalo Recho alishindwa kulisamehe: alijua kupika ndizi. Kila Ijumaa alimletea mama mkwe ndizi na maharage, na kila Ijumaa Kwandu alimaliza sahani, akasema huyu mtoto mikono yake imebarikiwa. Kuhusu mikono iliyomenya mbegu za maboga mpaka ikafa ganzi, hakusema kitu.

Basi ukaja mji.

Fathiya, mfanyabiashara mwenye duka karibu na stendi ya Biharamulo, alionjeshwa granola na mtu aliyekuja kusaga. Alipiga simu siku hiyo hiyo. Alisema wateja wake wa mjini wanaulizia sana vyakula vya afya, akaomba makopo thelathini kufikia Jumamosi. Recho alikubali kabla Fathiya hajamaliza kutaja idadi. Akaenda kuchapisha karatasi za kubandika kwenye kopo: GRANOLA YA RECHO. HAINA NAFAKA. SALAMA KWA TUMBO.

Baada ya kuchapisha ndipo alipoangalia stoo.

Mbegu za maboga zilikuwa zimebaki kikombe kimoja. Gunia la michembe lilikuwa limebaki vumbi. Alizunguka Kaniha nzima akaambiwa asubiri mavuno. Makopo yakijazwa karanga na ufuta peke yake yalikuwa kumi na mawili. Mtu mwingine angempigia Fathiya akamwambia atapata kumi na mawili. Lakini mtu huyo hakuwa ameshawatangazia wanakwaya wote waliomvua uongozi kwamba Jumamosi anapeleka makopo thelathini mjini.

Alisimama dukani mbele ya rafu ya biskuti kwa muda mrefu.

Hoja yake, ambayo aliitunga hapo hapo na kuridhika nayo, ilikuwa kwamba watu wa mjini hawaumwi na nafaka. Wanaumwa na video. Mtu mwenye afya akila biskuti mbili tatu bila kujua, atadhurika nini? Na mgonjwa wa kweli yuko nyumbani, ana kopo lake safi, haliguswi.

Alinunua paketi ishirini na nne. Alizisaga kwa chupa mlango ukiwa umefungwa, akazipaka asali, akazioka. Na hapa ndipo palipo na uchungu wenyewe: ilikuwa granola nzuri kuliko zote alizowahi kutengeneza.

Alhamisi hiyo asubuhi sinia lilikuwa uani linapoa. Recho alikuwa anabandika karatasi kwenye makopo. Kwandu alitoka chumbani na kikombe chake cha maziwa mgando, akapita karibu na sinia, akanusa, akachota gao moja la kiganja, akatia mdomoni.

Recho alifungua mdomo. Alikuwa na namna tatu za kumzuia. Angeweza kusema ni ya moto. Angeweza kusema imehesabiwa. Angeweza kusema kweli. Zote zilifika kwenye meno zikasimama.

Kwandu alitafuna polepole, akimtazama. "Leo umepatia," alisema. "Ile nyingine ilikuwa kama kutafuna kwato."

Akachota ya pili, akaitia kwenye maziwa. Akachukua kopo moja tupu, akalijaza, akasema hili ni lake.

"Kula tu, mama," Recho akasema.

Hayo ndiyo maneno yake yote. Sikusudii kumsingizia, na simsingizii.

Ijumaa Jovitha alileta ndizi kama kawaida. Jumamosi makopo thelathini yalipanda gari kwenda mjini. Jumapili alfajiri Kwandu alishindwa kuamka. Tumbo lilikuwa limejaa kama ngoma, alihara mpaka miguu ikakosa nguvu, na ngozi ya uso ikarudi kuwa ile ya miezi miwili nyuma. Walimpeleka zahanati kwa pikipiki, katikati ya wanawe wawili. Alikaa kwenye dripu siku tatu.

Mhudumu aliuliza mgonjwa amekula nini. William akamgeukia mkewe.

Recho alitaja viazi. Alitaja granola, akaongeza haraka kwamba ni ile ile ya siku zote. Kisha akataja ndizi za Jovitha. Angeishia hapo labda Mungu angemsaidia. Lakini aliinamisha macho, akasema kwa sauti ya upole ambayo hata kwenye kwaya hakuwa nayo, kwamba yeye hamsemi mtu vibaya, ila anavyojua sufuria ya Jovitha ndiyo hiyo hiyo anayopikia ugali.

Ilitosha.

Jovitha alisema sufuria aliiosha kwa majivu. Akasema tena. Mara ya tatu hakusema, kwa kuwa hakuna aliyekuwa anasikiliza. William, ambaye hupaza sauti mara moja kwa mwaka, aliitumia mara ya mwaka huo kumwambia mdogo wake kwamba mkewe aende kwanza kwao Ngara, mpaka mama apone na jambo lijulikane. Gidioni alimtazama mkewe, akatazama chini, akasema sawa. Hongera zake naye.

Recho siku hiyo alifanya usafi. Kopo la mama mkwe, lililobaki nusu, alilimwaga chooni, akaliosha mara mbili, akalianika juani.

Kwandu alirudishwa nyumbani Jumatano. Alhamisi ndiyo siku Jovitha alipangiwa kuondoka. Begi lake lilikuwa limeshafungwa kwenye pikipiki ya Gidioni. Majira ya saa tatu asubuhi aliingia jikoni kwa Recho.

Recho alidhani amekuja kugombana, na kwa kweli aliombea iwe hivyo. Ugomvi angeuweza.

Jovitha alikaa kwenye kigoda. Alisema amefikiri sana usiku kucha. Labda kweli sufuria ilikuwa na unga. Aliiosha, lakini labda kwenye ule ukingo wa juu ulibaki kidogo asiuone. Macho yake siku hizi si mazuri.

"Dada, nifundishe hiyo granola," alisema. "Nikirudi, kama nitarudi, nisimpikie mama kitu kingine. Nisije nikamwua."

Alikuwa amekuja na daftari la shule la mwanawe na kalamu.

Recho alianza kufundisha. Karanga, zikaangwe kwanza zitoke maganda. Jovitha akaandika. Ufuta, upepetwe mchanga. Akaandika. Asali, ipashwe moto kidogo. Akaandika. Kisha Jovitha akainua uso akauliza, na ile inayofanya ilie mdomoni ni nini, maana mama aliisifia kwamba ya mwisho ilikuwa inalia vizuri sana.

Kalamu ilikuwa juu ya karatasi, inasubiri.

Recho alisimama, akatoka nje, akamwita William. Akamwita Gidioni. Akawaomba wote waingie chumbani kwa mama.

Kwandu alikuwa ameegemea mto. Recho alipiga magoti kwenye mkeka, akaanza mbali. Alianza na kuku na kideri, akapitia kwaya, akaeleza ugumu wa kupata mbegu za maboga mwezi kama huu. Alikuwa anaelekea kwenye bei ya michembe mama mkwe alipomwambia afupishe.

"Niliweka biskuti," Recho akasema. "Kwenye ya mjini. Ile uliyochota."

William aliuliza biskuti gani, kama vile jina la biskuti lingesaidia. Jovitha alikuwa mlangoni na daftari lake. Gidioni alitoka, na kutoka nje ikasikika kamba ya begi inafunguliwa.

Kwandu hakumwondolea Recho macho.

"Ulikuwepo nilipochota."

"Nilikuwepo, mama."

"Ukaniambia nile."

"Nilikwambia."

Mama mkwe aliitazama mikono yake. Alipozungumza tena sauti ilikuwa ya chini. Alisema amekula biskuti tangu ujana wake, kila mnada wa ng'ombe marehemu alimletea paketi, na ulimi wake haujasahau. Gao la kwanza tu aliijua. Akajiambia asiulize. Miezi miwili ya viazi, akajiambia, ngoja nisiulize.

"Kwa hiyo la tumbo tutagawana mimi na wewe," alisema. "La Jovitha ni lako peke yako."

Recho alimgeukia Jovitha akiwa bado amepiga magoti. Aliomba radhi. Safari hii hakuanza mbali. Alisema alijua, alisema aliitaja sufuria kwa makusudi, alisema alikuwa tayari kumwacha aondoke.

Jovitha alifunga daftari.

"Sijui, dada," alisema. "Nikijua nitakwambia."

Simu ya Recho ililia hapo. Alikuwa anataka kuizima, lakini jina lilikuwa la Fathiya, na simu yenyewe imekufa spika ya sikioni, haisikiki mpaka uiweke sauti ya nje. Kwa hiyo chumba kizima kilisikia.

Fathiya alikuwa na furaha. Alisema makopo yameisha yote, watu wanagombania, alete mengine hamsini. Kisha akasema lililomfurahisha zaidi. Jumanne alikuja mama mmoja wa Nemba, ana binti wa miaka minne mwenye ugonjwa ule ule wa mama mkwe wake Recho, mtoto amebaki macho tu. Alikuwa anatoka hospitali na karatasi inayomkataza ngano, hajui amlishe nini.

"Nikampa makopo sita," Fathiya alisema. "Nikamwambia ampe asubuhi na jioni wala asiogope. Si wewe mwenyewe umeandika salama?"

Kwandu alinyoosha mkono akaichukua simu, akaitikia shikamoo ya Fathiya, akauliza huyo mama anaitwa nani na ana namba gani. Fathiya alisema yule mama simu hana. Jina aliliandika: Nkeshimana. Kiswahili chake kidogo, alizungumza Kirundi. Alipanda pikipiki akaondoka, zaidi ya hapo hajui.

Siku mbili. Asubuhi na jioni.

Recho alisema atakwenda Nemba sasa hivi, atauliza nyumba kwa nyumba. William alisema Nemba ni kata nzima, na yeye Kirundi hajui hata salamu. Recho alisema ataonyesha kopo. Kisha Jovitha akasema kutoka mlangoni kwamba Kihangaza na Kirundi vinaelewana, na kwamba visimani watu wanajuana.

Hakusema kwamba anajitolea. Alikwenda tu akapanda pikipiki iliyokuwa imeandaliwa kumrudisha kwao, nyuma ya mumewe, akaacha nafasi nyuma yake.

Recho alipanda.

Kwenye kisima cha kwanza hawakumjua Nkeshimana. Cha pili waliwajua wawili wenye jina hilo, na wote walikuwa wazee. Penye mti wa mkutano wa kitongoji cha tatu, mwanamke mmoja aliyekuwa anaanika mihogo aliuliza, ni yule mwenye mtoto mgonjwa? Akaonyesha kwa kidevu nyumba ya bati jipya kando ya shamba la maharage.

Mtoto alikuwa amekaa kizingitini. Miguu ilikuwa myembamba kama ya korongo, na tumbo limetangulia mbele. Alikuwa na bakuli mapajani, na ndani ya bakuli mlikuwa na granola. Alikuwa anachagua vipande vya biskuti kimoja kimoja, anaacha karanga. Karibu naye palikuwa na kopo. HAINA NAFAKA, lilisema.

Recho aliwahi akalichukua bakuli. Mtoto akalia. Mama yake akatoka mbio kutoka nyuma ya nyumba, mwanamke kijana mwenye udongo mikononi, akamkuta mtu asiyemjua ameshika chakula cha mwanawe.

Jovitha alimsalimia kwa Kihangaza. Uso wa yule mama ulilegea kidogo. Alieleza kitu haraka haraka, akimnyooshea mtoto kidole, na Jovitha akatafsiri: tangu juzi jioni hajalala, analia tumbo, lakini chakula hiki ndicho pekee anachokipenda, kwa hiyo amemwongezea.

"Mwambie niliweka ngano," Recho akasema. "Mwambie nilijua."

Maneno matano tu. Jovitha alizungumza kwa muda mrefu zaidi ya hapo. Recho alisimama na bakuli mkononi, yeye ambaye katika maisha yake hajawahi kukosa la kusema, akisikiliza maisha yake yakisimuliwa kwa lugha asiyoijua. Alisikia biskuti. Alisikia jina lake. Alisikia sufuria, alisikia Ngara, na akaona Gidioni, aliyekuwa amekaa juu ya pikipiki na ambaye Kihangaza amejifunza kwa mkewe, anageuza uso pembeni.

Nkeshimana alisikiliza mpaka mwisho. Alimnyanyua mtoto akamweka kiunoni. Hakumtazama Recho hata mara moja. Alimtazama Jovitha, akamwuliza swali fupi.

Waliongea tena kidogo, kisha Jovitha akamgeukia Recho.

"Anauliza nini?" Recho akasema.

"Anauliza mimi ni nani kwako. Nimemwambia." Jovitha alikuwa anautazama mkono wa mtoto, ulioning'inia begani kwa mama yake. "Anauliza kama nimekusamehe. Anasema nikisema ndiyo, atakuamini, atapanda nawe pikipiki mpeleke mtoto hospitali. Nikisema hapana, hapandi na mwanawe kwenye chombo chochote chetu. Atamwita mumewe shambani, na waende kwa mtendaji kwanza."

Hospitali ilikuwa mbali, na pikipiki ilikuwa moja. Mtoto alikuwa ameacha kulia, na huko kuacha kulia ndiko kulikomtisha Recho kuliko kilio.

Alitaka kumsihi Jovitha. Alitaka kumwambia aseme ndiyo kwa ajili ya mtoto, hata kama si kweli, kisha watayamaliza wakirudi. Maneno yalifika tena kwenye meno. Akakumbuka kwamba hilo nalo lingekuwa uongo juu ya tumbo la mtu mwingine, akayameza.

Nkeshimana alirudia swali lake.

Jovitha alivuta pumzi, akafungua mdomo, na alichokisema alikisema kwa Kihangaza.